Jina Kwenye Kitabu cha Kahawa

Jumapili, 1 Septemba 2024

Sikukuu ya Mavuno kanisani. Watu hadi nje kwenye turubai. Mkungu wangu wa mshare ulinunuliwa, ukarudishwa mnadani, ukanunuliwa tena, ukarudishwa tena, mwisho wakasema uende kwa mchungaji. Moyo wangu mweupe kabisa. Samadi ya mgomba ule niliibeba mimi.

Mzee, mume wangu, hakuja. Kifua. Usiku kucha kakohoa. Mchungaji ameahidi kumletea Chakula cha Bwana hapa nyumbani.

Kifungua mimba kapiga simu kutoka Dar. Parachichi, parachichi. "Mama, kahawa inawachosha bure, ng'oeni." Nimesema tutazungumza. Nani ang'oe? Ada yake ya sekondari ilitoka wapi?

Jumanne, 10 Septemba

Darasa la saba wanaanza mtihani kesho. Nimewaombea wote, hata wale nisiowajua. Wasiwasi wa usiku wa kuamkia mtihani haujanitoka mwilini tangu nistaafu.

Jioni tumemenya kahawa, madebe yote ya leo. Haingoji kesho, ikilala na maganda ladha inaharibika. Jirani akizungusha mashine, mimi namwaga maji. Akaniuliza huku kainamia mpini: "Mwalimu, mtu wa rika langu anaweza bado kushika kalamu?"

Nikamwuliza, kwani unataka kumwandikia nani?

"Simwandikii mtu. Nataka siku ya malipo nisichovye dole gumba kwenye wino. Kitabu cha kahawa cha marehemu mume wangu sasa ni cha kwangu."

Nimekosa usingizi, na si kwa kikohozi cha Mzee.

Jumamosi, 21 Septemba

Jirani anakandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka. Vidole vimekakamaa kwa panga na majani ya ng'ombe. Nimempa kwanza achore mistari tu, ya kulala na ya kusimama, hadi mkono ulegee. Herufi baadaye. Akaona aibu, kama nampa kazi ya chekechea. Nikamwambia wote walianzia hapo, na mkuu wa wilaya pia.

Nimekumbuka 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima. Akina mama wanapanda kutoka tambarare na mizigo ya majani, wanaitua nje ya darasa, wanaingia jasho likiwatiririka, wanakaa kwenye madawati ya watoto magoti juu. Halafu 1973, kampeni ya Mtu ni Afya: redio moja, kikundi kizima kimeizunguka, na wiki inayofuata watu wanachimba vyoo. Nilikuwa na mimba ya tatu. Sikuchoka. Au nilichoka, sikumbuki.

Jirani hakuwemo. Alikuwa mtoto, katolewa darasa la pili akalee wadogo zake. Na 1977, serikali ilipotangaza kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe, yeye tayari ana wa kwake mgongoni. Alipita katikati ya yote hayo, hakuna aliyemwona. Anakaa ng'ambo ya mfereji wangu! Maisha yote!

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere. Redioni hotuba zake tangu asubuhi. Mzee kaketi kibarazani, jua limempata vizuri, kanywa uji wote. Ashukuriwe Mungu.

Kisha, ghafla: "Mama, nimemwita katibu wa chama cha ushirika. Kitabu kiandikwe jina lako."

Nimejibu, "Asante, Baba." Nikaingia jikoni nikalia.

Nilie nini? Kahawa ya baba, ndizi za mama, ndivyo tulivyokuta. Alfajiri nachuma, nyekundu tu, mbichi naiacha. Saa moja na nusu nipo ubaoni na chaki. Usiku nasahihisha madaftari kwa kandili huku kahawa inachachuka kwenye pipa, na kabla jogoo hajawika naiosha mpaka utelezi uishe. Watoto walisoma kwa kahawa ile na kwa mshahara wangu. Na kila msimu anakwenda yeye kwenye mizani, anarudi yeye na fedha. Hakuninyima, wala hakuzinywa. Lakini nilikuwa naomba. Miaka yote hiyo, mwalimu mzima, naomba hela ya chumvi.

Hasira ipo. Nampenda na hasira ipo. Bwana anajua vyote viwili, sina haja ya kumficha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua za vuli hazijaonyesha dalili. Maji ya mfereji zamu yetu usiku. Kijana wa hapa nyumbani kaenda kufungua. Jirani leo kaandika jina la kwanza lote bila kutazama mfano. La baba yake bado linamshinda.

Ijumaa, 25 Oktoba

Malipo ya kahawa. Tumekwenda pamoja, vitenge vya kanisani. Karani kamsogezea wino bila hata kuinua macho, kazoea. Jirani: "Nipe kalamu, mwanangu."

Kaandika majina yote mawili. Polepole. Foleni imesimama, kijana mmoja nyuma akaguna. Nikageuka nikamtazama. Baba yake nilimfundisha mimi kusoma. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akatulia.

Kisha mimi. Karani kasoma kwa sauti jina langu, si mke wa fulani. Fedha nimehesabu mwenyewe pale pale mezani.

Nimempigia simu kifungua mimba. Parachichi zipandwe kule chini, kwenye mibuni iliyozeeka ikafa. Huku juu tunaweka miche ya Lyamungu, ile inayohimili ugonjwa wa chulebuni. Akaanza, "Lakini Mama..." Nikamwambia jina kitabuni sasa ni langu, na ndivyo nilivyoamua.

Akina mama wengine wawili wameniomba waje. Darasa Jumanne, saa kumi jioni, kibarazani. Ninunue kalamu na madaftari ya mistari mipana.