Jiko zuri lisilopika

Wadau, leo naomba tuachane na siasa kidogo. Nina swali moja: ukijenga nyumba, ramani ya jiko unamuuliza nani? Mimi nilimuuliza fundi. Nilikosea.

Mama yangu kazeekea Ngamiani, hapa Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, jiko uani. Tulipopata vijisenti, mimi na dada tukamjengea kijumba nje kidogo ya mji. Jiko tukaliweka ndani, la kisasa. Vigae mpaka ukutani, sinki, makabati, jiko la gesi la mezani, kidirisha kimoja cha vioo. Nikapiga picha, nikawatumia jamaa zangu Dar. Sifa zikamiminika.

Ramadhani ikafika. Sasa futari ya kwetu bila mkate wa kumimina, hiyo futari gani?

Kwa wasioujua: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, kisha unaachwa mahali penye joto mpaka uumuke. Unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Ujanja wote uko kwenye moto. Kwanza moto wa chini, mpaka uanze kushika. Halafu unafunika, unapunguza makaa ya chini, unapalia mengine juu ya mfuniko. Moto wa juu ndio unaoupa uso wa kahawia.

Jiko langu la kisasa lina moto wa chini tu. Mama akajaribu: chini umeungua, juu mweupe kama uji. Akarudia, mambo yale yale. Siku ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, akaliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha.

Dada alimkuta ameegemea mlango, kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu. Akamkokota nje. Makaa yakiwaka pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mimi mwandishi wa habari nimeshaandika habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Kwa mama yangu sikuliwaza hata dakika moja.

Idd nikapanda basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jiko lako zuri, ila halipiki."

Nikakosa la kusema. Nikamwomba anichoree lake. Akachukua kijiti, akachora mchangani. Banda uani, wazi pande mbili, maana kusi likivuma moshi utokee huku, na kaskazi likivuma utokee kule. Chini saruji, si vigae, kwa sababu makaa hudondoka. Nafasi ya majiko mawili ya mkaa: moja la kupikia, la pili la kuandalia makaa ya kupalia. Kona ya kuwekea vifuu vya nazi. Mahali pa kukalia mbuzi na kukuna nazi miguu ikiwa imenyooka. Rafu karibu na moto ya kuumulia unga. Halafu akaongeza: "Na soketi, mwanangu. Siku hizi mchele tunasaga kwa blenda, mikono hii haitaki tena kinu."

Tumelijenga. Limetugharimu kidogo sana kuliko vile vigae.

Najua mtaniuliza kuhusu misitu. Mna haki. Serikali ilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa mwaka 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sipingi, hasa baada ya yaliyomkuta mama. Ila watu wakitugawia majiko ya gesi, wakumbuke kuna chakula kinachotaka moto wa juu.

Mwezi uliopita tuliujaribu mkate kwenye oveni ya umeme ya dada. Ukaumuka, ukapata rangi. Mama akakata kipande, akatafuna taratibu, sote tunamtazama.

"Si mbaya," akasema. "Ila haunukii kifuu."

Bandani tumeacha meza tupu karibu na soketi. Oveni ikipatikana, itakaa pale. Mara hii nitamuuliza kwanza.