Chakula cha Macho

Mtu apotewapo na kitu gizani hutafuta taa. Apotewapo na nuru ya macho yake, taa haimfai kitu. Kwa hiyo, msomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya vyakula vinavyolinda macho, na juu ya mpaka wa uwezo wao.

Ninakaa Jericho, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Jioni, watu washukapo matatu, akina mama huwa wamekwisha kupanga mboga mezani kando ya njia: sukuma wiki, mchicha, mnavu, kunde, karoti na maboga. Wengi huzidharau kwa kuwa ni chakula cha mtu asiye na fedha ya nyama. Laiti wangalijua thamani yake! Mboga hizo zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kwa vitamini hiyo jicho huweza kuona penye mwanga hafifu. Ikipungua, mtoto huanza kujikwaa jua likitua; ikizidi kupungua, uso wa jicho hukauka na kufanya vidonda, na mwisho huingia upofu usiotoka tena.

Mahindi meupe ya ugali wetu karibu hayana vitamini hiyo. Basi ugali na uchukue nguvu, mboga ichukue nuru. Tena mboga ipikwe kwa mafuta kidogo, maana vitamini hiyo hupokewa vizuri mwilini ikifuatana na mafuta. Maini na mayai huileta ikiwa tayari. Viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa navyo vina heshima yake: mwaka 2016 wataalamu wanne, miongoni mwao Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kurutubisha mazao, na viazi hivyo vilikuwa katika sifa yao.

Ukipenda kinywaji, paruza karoti mbili, uzisage pamoja na embe bivu na maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitie sukari, embe linatosha. Kinywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

Lakini usikipe kinywaji hicho kazi isiyo yake. Jirani yangu mmoja alikuwa na binti wa kidato cha pili asiyeweza kusoma maandishi ya ubaoni. Muhula mzima binti alinyweshwa maji ya karoti asubuhi na jioni, na alama zake zikazidi kushuka. Alipopimwa, macho yake hayakuwa na njaa; yalikuwa hayaoni mbali. Miwani ilifanya kwa siku moja jambo ambalo karoti zisingalilifanya kwa miaka kumi.

Sifa hiyo ya karoti ilikuzwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipovumisha kwamba marubani wake waliona usiku kwa kula karoti. Kumbe waliongozwa na rada, na siri yake ilifichwa nyuma ya mboga.

Basi, kijana, kula mboga zako bila kuona haya. Na kama ubao unakuwia ukungu, mwambie mwalimu au mzazi wako leo, upelekwe kwa mpimaji wa macho. Chakula hulinda jicho lisidhoofike kwa njaa. Jicho lenye kasoro nyingine lina tabibu wake.