Pasaka tunayoianzia makaburini (Sehemu ya 5)

Wapendwa, baada ya posti ya juzi dada mmoja ameniandikia: "Nesi, nimefiwa na mume wangu mwezi wa pili. Pasaka inakuja na sina furaha hata kidogo. Nimepoteza imani?" Nakujibu hapa hapa dada, maana najua hauko peke yako.

Hebu angalia wale wanawake walienda kaburini kufanya nini. Hawakwenda kushangilia. Walienda kufanya kazi ambayo sisi manesi tunaijua vizuri, kuuhudumia mwili wa marehemu. Ijumaa maziko yalifanyika haraka kwa sababu sabato ilikuwa inaingia. Jumapili alfajiri wakabeba manukato, na njiani wanaulizana nani atawasogezea lile jiwe. Yaani hata hilo hawakuwa na jibu lake, ila walikuwa wanatembea tu. Anayetegemea kumkuta mtu mzima habebi vitu vya maiti! Na Maria Magdalena alilia mpaka Yesu amesimama mbele yake, yeye akadhani ni mtunza bustani. Hakugombezwa kwa machozi yake. Aliitwa kwa jina.

Mimi nimekulia Rungwe, kwenye Kanisa la Moravian. Sisi Pasaka tunaianzia makaburini, alfajiri, kabla jua halijachomoza. Desturi hii ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipoamka usiku wakaenda kuimba kwenye makaburi ya wenzao. Wamisionari waliofika kwetu mwaka 1891 walikuwa wa kanisa hilo hilo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nashangaa, sikukuu gani inaanzia kwenye matope na baridi ya masika, tena katikati ya wafu?

Mama alipofariki ndio nikaelewa. Pasaka ile ya kwanza nilisimama pale, udongo wake bado haujakaa, sikuimba hata ubeti mmoja. Shangazi alinishika mkono, hakusema kitu. Kulipopambazuka nikaona karibu kila kaburi lina mtu wake. Wengine wamefiwa miaka ishirini iliyopita na bado wamekuja, na wanaimba. Siku ile nilirudi nyumbani nikala chakula nikakisikia ladha. Basi, ni hilo tu. Uchungu haukuisha, ila nilikula.

Na kuna jambo nalipenda kama mtu wa kufunga vidonda. Yesu alifufuka na alama za misumari, Tomaso akaonyeshwa. Kidonda kikipona kovu linabaki, na hatumwambii mgonjwa eti hajapona kwa sababu kovu linaonekana.

Ila dada, nikuambie kama nesi: kama hulali wiki na wiki, huli, au unawaza kumfuata marehemu, usingoje Pasaka. Nenda hospitali leo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Huko sio kukosa imani. Mtu akivunjika mguu tunampeleka hospitali na tunamwombea, vyote viwili.

Kama kanisani kunakushinda, nenda kaburini kwake asubuhi, palilia, kaa kidogo. Kama uko mbali naye, andika jina lake hapo chini. Pasaka hii niko zamu ya usiku. Nikitoka asubuhi nitayasoma majina yote kwa sauti.