Theluji ya Novemba

Denver, Januari

Mpwa wangu Salum,

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumamosi wewe na wenzako wa chuo mtapanda milima ya Berthoud Pass, nje ya viwanja vya ski vinavyolindwa. Sikukatazi. Nakuomba tu usome barua hii hadi mwisho kabla hujafunga mzigo, kwa sababu hakuna jimbo la Marekani ambako maporomoko ya theluji yameua watu wengi kama Colorado.

Najua mtaitazama theluji laini iliyoanguka usiku. Mimi nataka uiulizie ya Novemba. Huku theluji ya kwanza huwa haba, kisha hufuata majuma ya anga kavu na baridi kali. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na nyuzi 0, ilhali hewa ya juu huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo huufanya mvuke upande kutoka chini, na chembe hujijenga upya, kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota zinamwagika mkononi kama sukari. Baadaye dhoruba na upepo huweka bamba gumu juu yake. Bamba hilo huweza kutulia majuma kadhaa, hadi mtu akanyage mahali lilipo jembamba. Ndiyo maana mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeliangusha, yeye au mwenzake.

Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, watu sita walikuwa wakivuka chini ya mteremko. Taarifa ya hatari walikuwa wanaijua, na walipanga kupita kwa kuachana nafasi. Tabaka dhaifu likavunjika, mteremko wa juu yao ukashuka wote. Akanusurika mmoja. Siku hiyo hatari ilikuwa kiwango cha 3.

Hicho 3 ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Viwango vinakwenda 1 hadi 5, na kijana akiona 3 anadhani ni katikati, basi mambo si mabaya. Sivyo. Hatari hupanda kwa kasi kila kiwango, na kwenye 3 watu bado wanatoka kwa wingi, kwa hiyo vifo vingi hutokea hapo. Soma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center asubuhi ya safari, na usiishie kwenye namba: angalia ni miteremko ya upande gani na urefu gani. Huku upepo huvuma zaidi kutoka magharibi na kurundika theluji pande za mashariki.

Maporomoko mengi huanguka kwenye mwinamo wa digrii 30 hadi 45. Pima, usikadirie kwa macho, na ukiwa kwenye tambarare kumbuka kutazama kilichoko juu yako. Mkisikia theluji ikiguta chini ya miguu, au mkiona ufa ukikimbia mbele ya ski zenu, geukeni hapo hapo. Mtachimba shimo kupima matabaka, na ni vizuri. Lakini shimo likionyesha udhaifu, liamini. Likionyesha uimara, halijakupa ruhusa, maana hatua chache pembeni hali huweza kuwa nyingine kabisa.

Kila mmoja awe na kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, kikiwa mwilini, koleo na ufito wa kupekulia, na ajue kuvitumia. Anayetolewa ndani ya dakika 10 kwa kawaida huishi. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekufa. Waokoaji kutoka mjini hawatawahi. Mnaotegemeana ni ninyi.

Salum, kiwango kikiwa 3 Jumamosi, chagueni miteremko iliyo chini ya digrii 30, isiyo na mingine mikali juu yake. Na kama mwenzenu mmoja atasema hapana, safari iishie hapo bila ubishi. Nipigie mkisharudi kwenye gari.

Mjomba wako,
Hamisi