Saini Ambayo Haikuwa Yake

Kwa miaka saba sasa sisi wawili tunashika majalada ya mafunzo katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kula jijini Dar es Salaam. Mafunzo yenyewe si ya kompyuta. Mkufunzi huja na vifaa vyake, wafanyakazi huketi kwenye mabenchi ya bwalo la chakula, na mwishoni karatasi ya mahudhurio hupita mkono kwa mkono ili kila mtu atie saini. Kisha hurudi kwetu, nasi huitoboa matundu mawili, huitia jaladani, na kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Ijumaa moja mkufunzi wa mambo ya moto, aliyetarajiwa saa nne asubuhi, aliingia saa sita kasorobo. Ilipokaribia saa sita na nusu, wanaume kumi na mmoja walinyanyuka kwa adabu kwenda kuswali. Tuliwaruhusu, kwani hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Waliporejea, mkufunzi alikwisha kufunga mizigo yake na kwenda zake. Karatasi ilikuwa na majina 34 na saini 23.

Jumatatu yake tulikuwa tukitarajia wakaguzi. Tuseme ukweli kama ulivyokuwa: hakuna meneja aliyetushurutisha. Sisi wenyewe tuliyatazama yale mapengo kumi na moja tukaona aibu. Tukamwita msimamizi mmoja wa zamu, tukamwomba awasaidie wenzake. Alisaini mara kumi na moja, akibadilisha kalamu njiani ili isijulikane. Tulijiambia kwamba tunatenda wema, ili watu waliokwenda msikitini wasije wakaandikwa watoro. Wakaguzi walilipitia jalada wakalisifu.

Wiki tatu baadaye sufuria ya mafuta ya kukaangia ilishika moto katika jiko la bwalo. Kijana mmoja wa upakiaji, aliyekuwa akipita mlangoni, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angekifanya: alinyakua ndoo ya maji akaimwagia. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini ya mafuta yanayochemka, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huyarusha juu mafuta yanayowaka. Moto ulimpata mikononi na shingoni. Blanketi la kuzimia moto lilikuwa ukutani, ndani ya kikasha chekundu, hatua mbili kutoka aliposimama.

Hayo ndiyo yaliyofundishwa Ijumaa ile. Funga gesi kwanza ikiwa unaweza kuifikia bila hatari. Funika sufuria kwa mfuniko au kwa blanketi, uliache lifunikwe mpaka lipoe. Usimwage maji kabisa, wala usilibebe sufuria kukimbia nalo nje. Ni maneno ya dakika tano, na yanafaa katika kila jiko la nyumbani. Kijana yule hakuyasikia, kwani yaliposemwa yeye alikuwa katika swala.

Lakini jalada lilisema aliyasikia. Ripoti ya ajali ikaandikwa kwamba mhusika alipata mafunzo, akasaini, na hivyo alifanya uzembe. Barua ya kumtaka ajieleze ilimfika akiwa bado amefungwa bandeji. Hapo ndipo tulipoelewa tulichokifanya. Karatasi tuliyoijaza ili kumsitiri ilikuwa imesimama kuwa shahidi dhidi yake.

Mama yake alikuja ofisini siku ya Alhamisi. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi pembeni ya kiti kama mtu asiyetaka kukaa sana. Hakuja kugombana.

"Wanangu," alisema, "nimeambiwa mwanangu alitia mkono kwamba amefundishwa. Naomba nionesheni alipotia."

Tulimfungulia jalada. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa jina la mwanawe.

"Huu si mkono wake. Huyu tangu alipotoka chuoni kwa babu yake hutia saini kwa herufi za Kiarabu. Hata shuleni walimkemea, hakuacha."

Hatukuwa na la kusema. Tulilitoa jalada lake la ajira, tukatazama mkataba wake na fomu zake za likizo. Zote zilikuwa na saini ile ile ya Kiarabu, iliyopinda kidogo mwishoni. Ushahidi ulikuwa kabatini mwetu siku zote, nasi ndio tuliokuwa na ufunguo.

Mchana ule tuliingia kwa meneja tukaeleza. Barua ya kijana ilifutwa. Sisi na yule msimamizi tulipewa onyo la maandishi, na tuliona kuwa ni haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo ya kuwakinga. Sisi tulikuwa tumempa mwajiri wetu saini peke yake.

Tangu hapo tumebadilisha namna ya kushika kumbukumbu, na gharama yake haikuzidi bei ya madaftari mawili. Karatasi ya mahudhurio hupigwa mstari mara tu mkufunzi anapomaliza, na mapengo hubaki mapengo. Majina ya wasiokuwepo huandikwa katika daftari la pili, pamoja na sababu, bila lawama, na tarehe ambayo kila mmoja atafundishwa. Daftari hilo la pili ndilo tunalolifungua kila asubuhi. La kwanza hutushughulisha kidogo tu. Vilevile kila mfanyakazi ana kadi yake, kwa sababu karatasi ya siku hukuonesha nani alikuwepo, lakini haikuoneshi haraka mtu fulani amekosa nini.

Jambo lililotugharimu jasho zaidi ni lile linalofuata mafunzo. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika kwamba mafunzo hupimwa kwa hatua nne: kama watu waliyapenda, kama walijifunza, kama walibadilika kazini, na kama kazi yenyewe ilipata faida. Sisi tulikuwa hatujafika hata hatua ya kwanza, maana tulihesabu waliokaa kwenye benchi. Sasa, baada ya wiki moja, humfuata mtu mahali pake pa kazi na kumwomba atuoneshe: blanketi liko wapi, vali ya gesi hufungwa upande gani. Wengine hucheka. Fundi mmoja mzee, mwenye saini safi katika kila karatasi tangu tuanze kazi, aligeuza vali upande usio wake mbele ya macho yetu.

Ratiba nayo tulimwandikia mkufunzi upya: Ijumaa hatufundishi kuanzia saa tano hadi saa nane.

Wale kumi wengine walifundishwa Jumanne moja asubuhi. Kijana wa upakiaji alifundishwa peke yake miezi miwili baadaye, alipopona, na alisaini taratibu kwa sababu vidole vilikuwa bado vigumu. Leo daftari la pili lina majina manne. Watatu watafundishwa kesho kutwa. Wa nne ni mlinzi wa usiku, ambaye mafunzo ya mchana humpita siku zote, na mkufunzi amekubali kumfuata leo baada ya Isha. Tutakwenda naye, na karatasi yetu.