Barua kutoka London: Tusome Pamoja Kabla ya Ugomvi

Ndugu zangu wa Chato,



Katika mtaa wa Bishopsgate, palipojaa maghorofa ya mabenki, kuna kanisa dogo la kale liitwalo St Ethelburga's. Lilinusurika katika moto mkubwa wa 1666, lakini Aprili 1993 bomu la IRA, wapiganaji wa Ireland, likalibomoa. Lilipojengwa upya, halikuachwa kuwa mahali pa ibada tu. Mwaka 2002 lilifunguliwa kuwa kituo cha upatanisho na amani. Uani pana hema la singa za mbuzi, mfano wa yale ya Wabedui, ili watu wa kila dini wapate pa kukaa na kuzungumza. Watu wazima huja hapo kujifunza jinsi ya kuongoza mazungumzo magumu bila kuvunjiana heshima.

Kila nikilipita kanisa hilo naikumbuka Buseresere, huko kwetu Chato. Februari 2013 tuligombana kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa buchani. Kwa desturi alichinja Mwislamu, ili kila mnunuzi ale bila wasiwasi. Baadhi ya Wakristo wakataka wachinje wenyewe. Vurugu zikazuka na mchungaji akauawa. Tulikuwa tumezikana na kuchangiana harusi miaka yote, lakini hatukuwahi kukaa tukaelezana kwa nini kisu kile kina uzito kwa huyu, na kwa nini kinamkwaza yule.

Kukaa na kusoma pamoja si jambo geni kwetu. Mwaka 1968 mradi wa UNESCO wa kisomo ulianzia Mwanza, na wakulima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania takriban milioni 2 katika vikundi vya redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ugonjwa haukuuliza mtu anasali wapi, na kikundi cha kijiji nacho hakikuuliza.

Nawaomba mvifufue vikundi hivyo. Somo la kwanza liwe uchinjaji: sheikh aeleze sharti la dini yake, mchungaji na padri waeleze yao, bwana afya azungumzie usafi wa machinjio, na mwenye bucha naye asikilizwe. Somo la pili liwe mikopo na riba, maana linawagusa wavuvi wa Muganza na wachimbaji wadogo, Waislamu kwa Wakristo. Afisa elimu ya watu wazima atoe darasa jioni, shule zikishafungwa.

London ilipata kituo chake baada ya bomu. Sisi tumekwisha kuzika mtu. Wazee wangu, viongozi wa misikiti na makanisa, msisubiri kuitwa na mkuu wa wilaya kwenye kikao cha dharura. Itaneni wenyewe, wakati huu wa amani.

Ndugu yenu,
London