Nilianguka kutoka juu ya tela

Naandika kwa ajili yako uliyelala na bandeji kichwani, na wewe unayemuuguza.

Mimi ni mpakiaji hapa Mpanda. Msimu wa mavuno tunapakia kwenye tela mahindi na mpunga wa kutoka Mpimbwe. Magunia yakishapita bodi, mmoja wetu anakwea kutandaza turubai na kukaza kamba. Hakuna ngazi wala kofia ngumu. Unakanyaga tairi, unashika vyuma. Siku niliyoanguka ilikuwa zamu yangu. Nikavuta kamba kwa nguvu. Ikakatika.

Nilitua kwa kisogo. Wenzangu wakanimwagia maji, nikainuka, tukacheka. Tajiri akanipa hela ya soda na panadoli. Kumbe damu ilikuwa inavuja taratibu, kati ya fuvu na ubongo.

Wiki zikapita. Usiku kichwa kinagonga. Nikaanza kuchanganya majina ya watoto. Ndala ya kushoto ikawa inanivuka njiani, nisijue mpaka mtu aniite. Kisha asubuhi moja nikatapika. Nikaanguka mlangoni. Mke wangu ananiita. Namsikia. Nataka kuitika. Mdomo hautaki. Nikasema moyoni, Mungu wangu, watoto. Basi. Giza.

Kaka yangu aliuza ng'ombe, wanajumuiya wetu wa kanisani wakachanga, nikafikishwa Dar es Salaam, kwa mabingwa wa mifupa na ubongo wa taasisi ya MOI pale Muhimbili. Walitoboa fuvu, wakaitoa ile damu. Mke wangu anasema aliambiwa ilikuwa nyeusi kama oili chafu. Nilipozinduka nikamwita kwa jina. Alilia mpaka nesi akamtoa nje.

Leo nahesabu magunia nikiwa chini. Juu sipandi tena. Hata nikimwona kijana amesimama juu ya shehena, viganja vinanitoka jasho.

Ndugu yangu, ukianguka usiseme umepona kwa kuwa umeinuka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata baada ya wiki kadhaa, ukitapika, ukilemewa na usingizi, maneno yakivurugika au mguu ukilegea, rudi haraka. Kama umeumia kazini, mwajiri naye apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Usikae muda mrefu bila kudai. Na wewe uliye kitandani sasa, kubali kulishwa, kubali kushikwa mkono. Jumuiya yetu inakuombea.